Mstari wa Chini ya Barua Pepe

Siku ya kwanza kazini niliambiwa ninuse mikono yangu mwenyewe. Mama alikuwa ameniamsha mapema nyumbani kwetu Buzebazeba, nikaoga kwa kipande kipya cha sabuni, nikavaa shati langu la sikukuu ya Idi. Nilipofika kituoni, mkuu wa wazamiaji, Mzee Rajabu, alinishika kiganja, akakiinua hadi puani kwake, kisha akakisogeza kwenye pua yangu.

"Unasikia nini?"

"Sabuni, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na samaki wangu nao wataisikia. Umekuja kufanya kazi au umekuja kuwaua?"

Akanipeleka ufukweni nikajisugua kwa mchanga na maji ya ziwa hadi kwenye viwiko, shati la Idi likalowa lote. Wenzangu walicheka. Mimi tangu utotoni ni mtu wa aibu, nikainamisha kichwa na kuendelea kusugua. Kuanzia siku hiyo niliacha kuoga kwa sabuni asubuhi za kazi, na mpaka leo nikishika kipande cha sabuni mapema nasita kidogo.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee. Mimi si mzee, mtaani bado naitwa dogo. Lakini kazi yenyewe imestaafu kabla yangu, na wadogo zangu wanapouliza ilikuwaje, sioni mwingine wa kuwaandikia. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Mzee Rajabu alikuwa akisema naandika kama mtu anayechimba kisima.

Kituo chetu kilikuwa ufukweni, nje kidogo ya mji, na biashara yake ilikuwa samaki wa mapambo. Msiwafikirie migebuka wala dagaa. Hawa ni samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye miamba chini ya ziwa, wa njano, wa buluu, wengine wana milia kama pundamilia. Watu wa nchi za nje huwanunua wakiwa hai na kuwafuga ndani ya nyumba, kwenye masanduku ya kioo. Mzee Rajabu alikuwa akisema samaki wake wanapanda ndege mpaka Ulaya, na yeye aliyewakamata hajavuka Tabora.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Mzamiaji hushuka na mpira wa hewa mdomoni, akawazungushia samaki wavu taratibu kwenye jiwe lao. Akishawapata hawezi kuwaleta juu mara moja, kwa sababu samaki ana kifuko cha hewa tumboni, na akipandishwa haraka kile kifuko kinavimba anakufa. Kwa hiyo wanawekwa kwenye kikapu cha wavu, kikapu kinaning'inizwa katikati ya maji hadi kesho yake, ndipo kinavutwa tena kidogo. Sisi tuliita kuwapandisha ngazi. Wakifika kituoni wanakaa kwenye matangi wazoee. Kila asubuhi Mzee Rajabu alipita kati ya matangi akiwaambia "Mwakeye", ile salamu ya Kiha, akasimama kidogo kama anayengoja kuitikiwa. Aliyekuwa mgonjwa alimjua kwa namna anavyosimama majini.

Kabla ya safari samaki hawalishwi. Tulisema wamefunga, kama watu wa Ramadhani, maana samaki aliyeshiba huchafua maji ya mfuko wake njiani na kujiua mwenyewe. Baada ya kufunga wanatiwa kwenye mifuko ya nailoni, maji kidogo chini, hewa ya mtungi juu, mdomo unakazwa kwa mipira. Kisha mifuko inapangwa ndani ya maboksi meupe mepesi yanayozuia joto. Kuanzia hapo saa inahesabu. Hewa ya mfuko inatosha kwa safari moja iliyonyooka, toka kwetu hadi Dar es Salaam, toka Dar hadi kwa mnunuzi. Haina akiba ya kungoja.

Nilianza kwa kuosha matangi. Nikapandishwa kwenda kwenye boti, kazi ya kushika kamba ya kikapu. Mwishowe Meneja aliona mwandiko wangu kwenye ubao wa zamu, akasema ingawa ni wa kobe, unasomeka. Akaniweka ofisini nusu siku niandike lebo za maboksi, chini ya karani wake, Mama Jenipha.

Mama Jenipha alikuwa mwanamke mrefu, mpole, ambaye wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi wakaishia kuwa watu wa hapa. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kirundi, hasa akikasirika. Alilea watoto peke yake kwa mshahara wa pale. Ndiye aliyekuwa mlango wetu wa nje, kwa sababu mawasiliano yote na wanunuzi yalikuwa kwa barua pepe. Meneja hakupenda kusoma kwenye kioo cha kompyuta, alisema macho yanamwasha. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Jenipha alizichapa barua zilizoingia, akampelekea karatasi. Meneja aliandika majibu pembeni kwa kalamu, karatasi ikarudi kwa Mama Jenipha, akayaweka kwa Kiingereza na kuyatuma.

Nilipoanza wanunuzi walikuwa kadhaa. Walipungua mmoja mmoja, wengine wakaacha biashara, wengine wakapata samaki wa kufugwa hukohuko kwao. Akabaki mmoja tu. Sisi tulimwita Mteja, hatukuhitaji jina. Hakuwahi kupiga simu. Alisema maneno ya simu hayana shahidi, kila kitu aliandika.

Ndipo kirusi kikaingia. Kuna siku ilifika barua yenye jina la Mteja, na ndani yake picha iliyofungwa. Mama Jenipha akaifungua kama alivyofungua nyingine zote. Picha haikuonekana. Kompyuta ikawa nzito, kisha picha zetu za samaki, zile tulizokuwa tukimwonyesha Mteja achague, zikawa hazifunguki hata moja. Kibaya zaidi, kompyuta yetu ikaanza kumtumia Mteja barua za takataka ambazo hakuna aliyeziandika. Mteja alikasirika sana. Aliandika kwamba samaki wa mzigo uliopita walimfia wengi, na sasa tunamtumia uchafu kwenye mashine yake. Alisema atatupa mzigo mmoja zaidi. Ukifika salama, tutaendelea. Usipofika salama, basi.

Meneja alitukusanya wote kando ya matangi akatusomea barua hiyo kwa Kiswahili. Hakuwa na haja ya kueleza. Kituo kilikuwa kimebaki na mguu mmoja, na mguu wenyewe ni mzigo huo.

Fundi wa kompyuta aliitwa kutoka mjini. Alisafisha mashine, akaiwekea programu ya kuzuia virusi, antivairasi kama alivyoiita, akaondoka. Kesho yake ilipofika barua ya Mteja, Mama Jenipha aliona chini yake mstari ambao hakuna aliyeutilia maanani kabla. Ulikuwa wa Kiingereza, akanitafsiria: Ujumbe huu umekaguliwa. Hauna virusi. Mteja naye alikuwa na antivairasi yake, nayo ilikuwa ikiuweka mstari huo chini ya kila alichotuma.

Meneja alipoonyeshwa alifurahi kama mtu aliyepata ndugu. Akasema kumbe upo muhuri, na sisi siku zote tunapokea barua zisizo na muhuri. Palepale akatoa amri. Barua yenye mstari ichapwe na iletwe. Isiyo na mstari ifutwe bila kufunguliwa, hata iwe imetoka kwa nani.

Mama Jenipha alisimama pale na karatasi mkononi. Nilikuwa nikikata lebo, nikasikia yote.

"Bosi, huu mstari unaandikwa na kompyuta ya anayetuma. Hata mwenye kirusi anaweza kuuandika."

"Mimi nikienda bandarini na karatasi haina muhuri, wananirudisha. Nikienda maliasili, wananirudisha. Wewe unataka ofisi yangu iwe sokoni, kila mtu anaingia?"

"Na mihuri ya kuchonga ipo, Bosi."

"Basi katafute kazi kwa wachonga mihuri." Wazamiaji waliokuwa mlangoni wakacheka, naye akangoja wamalize. "Mama Jenipha, sikiliza. Kirusi cha kwanza kilipitia kwako. Kingine kikipita mlango wako, na wewe utapita mlango huohuo."

Nadhani kila aliyewahi kufanya kazi Kigoma anamwelewa Meneja. Sisi ni watu wa muhuri. Barua ya mwenyekiti wa mtaa bila muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Meneja hakuwa mjinga wala mkatili. Aliogopa kumpoteza Mteja, akakamata kitu kilichofanana na kile alichozoea kukiamini.

Mstari huo ulikuja na usumbufu wake. Mara nyingi barua ilijaa ukurasa mmoja, mstari ukasukumwa ukurasa wa pili, ukatoka peke yake juu kabisa na karatasi yote chini ikiwa nyeupe. Mama Jenipha alitaka kuziacha karatasi hizo zisichapwe. Meneja akakataa. Alisema huo ndio muhuri wenyewe, ubanwe kwa pini pamoja na barua. Faili likanenepa kwa karatasi tupu. Naye akapata wazo lingine kwa ajili yangu. Akaniambia kwenye lebo za maboksi, chini ya maneno SAMAKI HAI, niongeze neno WAMEKAGULIWA. Nikaandika hivyo, lebo baada ya lebo, kwa ule mwandiko wa kobe.

Mzee Rajabu alizichukua akazitazama, akauliza nani amewakagua. Nikamwambia Meneja amesema. Akanirudishia, akaenda kwa samaki wake.

Mzigo wa Mteja ulikusanywa kwa muda mrefu. Boti ilikwenda mbali kusini, na safari moja ilipita Mwamgongo hadi kwenye miamba ya kaskazini, kumtafuta samaki mmoja wa milia aliyekuwa ameombwa kwa jina. Mzee Rajabu alikuwa na sikio moja lililokufa kwa kuzama, lakini aliingia majini mwenyewe kwa ajili ya huyo. Matangi yakajaa. Sijawahi kuyaona mazuri namna ile. Barua za Mteja zilikuja na mstari wake chini, siku ya ndege ikapangwa, samaki wakaanza kufunga.

Mchana wa kabla ya safari nilikuwa ufukweni na Meneja, tukisukuma mtungi wa hewa kwenye toroli. Mama Jenipha akashuka kutoka ofisini akitembea haraka, jambo ambalo si kawaida yake.

"Bosi, imeingia barua. Jina ni la Mteja."

"Ina mstari?"

"Haina."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Jina ni lake, Bosi. Na kesho ndiyo safari."

"Hata kile cha kwanza kilikuja na jina lake. Umesahau?"

Mama Jenipha akasema, kwa sauti ya chini, "Nimpigie simu nimuulize kama ni yeye?"

"Umpigie umwambie kwamba hatumwamini? Juzi tu katukasirikia kwa uchafu wetu." Meneja alifuta jasho. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka. "Mama, mimi nina mzigo mmoja duniani. Usiniletee kirusi siku ya leo. Futa."

Mama Jenipha akapanda kurudi ofisini. Nilipoingia kuchukua lebo nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Barua ilikuwa bado haijafutwa. Akaniuliza kama nikiwa yeye ningefanya nini. Mimi nami sikujua barua hiyo ni nini, kama yeye asivyojua. Akasema, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko mimi, kwamba ana watoto shuleni. Akabonyeza. Tukaendelea na lebo.

Alfajiri tukapakia. Mzee Rajabu alisimama dirishani jua lilipoanza kutoka, na kila mfuko uliofungwa ulipita mikononi mwake. Aliuinua kwenye mwanga, akaugeuza, akamtazama samaki jichoni. Wengi alisema sawa. Wengine aliwarudisha majini bila kueleza, na hakuna aliyebishana naye. Maboksi yakafungwa kwa gundi, nikabandika lebo zangu, gari likaondoka kwenda uwanja wa ndege. Meneja alimpa kila mtu mkono. Mimi pia alinipa, akasema, "Kijana, lebo zimekaa vizuri."

Wakala wetu wa Dar alipiga simu siku iliyofuata. Maboksi yalikuwa yamefika, lakini ndege ya kuyapeleka nje haikuwepo. Ilikuwa imefutwa tangu juzi. Aliuliza kama hatukuambiwa. Meneja alisema hapana. Wakala akasema atatafuta nyingine, na alitafuta kweli. Lakini maboksi yalikaa kwenye ghala la mizigo na joto la Dar, na wakala hakuwa na tangi wala mtungi wala mtu anayejua kufungua mfuko na kumpa samaki maji mapya. Mzee Rajabu aliposikia alivua kofia. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akawa anauliza kila simu ikilia, "Wanasemaje?" na kwa sababu ya sikio lake ilibidi tumjibu kwa sauti, mara mbili, kila kitu.

Mwishowe wakala alituma picha kwenye simu ya Meneja. Maboksi yalikuwa yamefunguliwa yakapangwa sakafuni. Maji ya mifuko yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na samaki wamelala juu yake ubavu. Rangi ya samaki hawa hutoka upesi wakifa, hata wa njano walikuwa wamekuwa wa kijivu. Pembeni ya kila boksi lebo yangu ilikuwa bado imeshika vizuri. Samaki hai. Wamekaguliwa.

Fundi wa kompyuta aliitwa tena, safari hii ili atafute Mteja alisema nini. Alifungua sehemu ambayo barua zilizofutwa hukaa kabla hazijapotea kabisa, na barua ilikuwepo. Ilikuwa fupi. Mteja alisema yuko njiani, anaandika kwa simu yake ya mkononi, ndege imefutwa, tusipakie, tuwalishe samaki na tungoje neno lake.

Meneja aliisoma amesimama. Safari hii aliisoma kwenye kioo, hakusubiri ichapwe. Kisha akauliza, kama mtoto anavyouliza, "Mbona hakuweka mstari?"

Fundi akamweleza kwamba mstari huo hauwekwi na mtu. Kompyuta ya ofisini kwa Mteja ndiyo yenye antivairasi inayouandika, simu yake haina, kwa hiyo barua ikaja bila. Meneja akauliza kwa hiyo mstari unathibitisha nini. Fundi alikuwa kijana wa umri wangu, nadhani aliona aibu kumjibu mtu mzima, akajikuna kichwa.

"Hauthibitishi, mzee. Ni mashine iliyotuma inajisifu. Inasema mimi nimekagua. Wewe wa huku huwezi kujua kama ni kweli, wala lini, wala kwa dawa gani. Na kirusi kikitaka kinaandika maneno hayohayo. Anayekukinga ni hii iliyo hapa kwako, na hii inakagua kila inayoingia, yenye mstari na isiyo na mstari."

"Kwa hiyo ile tungeweza kuifungua."

"Mngeifungua tu, mzee. Isingewadhuru."

Mama Jenipha alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa ameyasema maneno ya fundi tangu siku ya kwanza, lakini hakuyakumbusha. Meneja aligeuka akamwona. Nilidhani atamfukuza, na yeye pia alidhani hivyo, maana alikuwa ameshachukua mkoba. Meneja alimwambia aketi. Akamwomba amwandikie Mteja kila kitu kama kilivyotokea, bila kumficha neno.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Lilikuwa la heshima. Mteja alisema anasikitika, hana shaka na uaminifu wetu, lakini amepata samaki kwingine na hataagiza tena. Mama Jenipha alilichapa. Lilijaza ukurasa mmoja, na mstari ukatoka ukurasa wa pili, peke yake. Ujumbe huu umekaguliwa. Hauna virusi. Alizibana karatasi mbili kwa pini kama amri ilivyosema, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameifuta amri, akampelekea.

Kufunga kituo hakukuchukua muda. Waliobaki kwenye matangi, wale ambao Mzee Rajabu aliwarudisha alfajiri ile, ilibidi waachiwe. Yeye alitaka warudishwe kila mmoja kwenye jiwe lake, maana samaki wa miamba ana mtaa wake kama mtu, ukimwacha mtaa wa wengine wanamuua. Meneja akasema mafuta ya boti hayapo. Tukawamwaga ufukweni kwa ndoo. Walikaa palepale majini karibu na miguu yetu, hawajui pa kwenda. Mzee Rajabu aliondoka kabla hatujamaliza. Asubuhi ile hakuwasalimia.

Leo wazamiaji wametawanyika, baadhi wako kwenye dagaa. Mzee Rajabu yupo Ujiji, sikio la pili nalo limeanza kumwacha, nikienda kumwona napiga magoti karibu ndipo namwamkia. Meneja alirudi kwao. Mimi nabeba mizigo kwenye boti za ufukweni, na sabuni naoga nipendavyo.

Mama Jenipha amefungua meza ya kuchapa karatasi Katubuka, kwenye kibaraza cha duka. Watu humletea barua pepe za kuomba kazi, za shule, za ndugu walio mbali. Nyingi bado zinakuja na mstari ule. Huwa anaufuta kabla ya kuchapa, mwenye barua asilipie ukurasa wa pili. Kuna siku nilikuwa nimekaa naye, akaja mwalimu mmoja, akaona ameufuta, akataka urudishwe. Alisema bila huo wataijuaje kama ni salama. Mama Jenipha hakubishana. Akaurudisha, akachapa karatasi mbili, akamwomba radhi. Mwalimu alipoondoka nilimuuliza kwa nini hakumweleza.

"Mwanangu, nilishaeleza wakati kulikuwa na samaki."

Wadogo zangu wameniuliza kama mstari ule una faida yoyote. Nimelifikiria sana swali hili, nikiwa na mzigo begani, na jibu langu si kubwa. Antivairasi ina faida, ilituokoa na takataka nyingi. Lakini sentensi inayosema nimekagua haimfai anayeisoma, kwa sababu hana namna ya kuikagua sentensi yenyewe. Inamfanya aache kutazama. Na ikikosekana, inamtia hofu hata ya kitu kilicho salama. Miaka yote Mzee Rajabu alipitisha mifuko dirishani hakuwahi kuandika neno juu ya mfuko. Aliuinua kwenye mwanga.

Kituo kilipofungwa, mafaili yalitupwa kwenye shimo la kuchomea. Mama Jenipha alizichomoa zile karatasi za pili, zile tupu, akaziweka kwenye mfuko wa unga. Karatasi nzuri, alisema, nyeupe, watoto watafanyia hesabu. Watoto wake sasa wamekua, zilizobaki alinipa mimi. Ndizo ninazoandikia haya yote. Kila ninapoanza ukurasa mpya naukuta mstari juu yake kwa Kiingereza, ukisema kwamba ujumbe huu umekaguliwa. Nauacha hapo. Chini yake naanza kuandika, polepole, na nikimaliza nauinua ukurasa dirishani nausoma mwenyewe.